Jinsi ya Kuchagua Hoteli ya Ufukweni Misri kwa Ajili ya Snokeli: Mwongozo Kamili

Msomaji anataka snokeli, yaani kuelea juu ya maji kwa miwani na mrija wa kupumulia akitazama matumbawe na samaki, naye analipia hoteli ya nyota tano Hurghada, mji wa Misri kwenye Bahari ya Shamu. Picha kwenye tovuti zimejaa samaki wa kila rangi. Anafika, anavaa miwani, anaingia majini, na chini yake ni mchanga mtupu. Mwingine anakuta matumbawe yapo, lakini gati limefungwa siku nne kati ya saba kwa sababu ya upepo. Wa tatu ana matumbawe na gati liko wazi, ila watoto wake hawathubutu kushuka ngazi inayoishia kwenye maji ya kina kirefu.

Makosa haya matatu ndiyo yanayojirudia kila msimu, na yote hufanyika kabla ya kupanda ndege. Nyota za hoteli hupima vyumba, chakula na huduma, hazipimi bahari. Kwa hiyo utaratibu ulio hapa chini unaanza majini na kurudi chumbani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta au simu yenye ramani ya setilaiti. Google Earth ni bora zaidi kwa sababu ina kipimo cha umbali na picha za miaka ya nyuma.
- Tovuti au programu ya upepo, kama Windguru au Windy.
- Orodha ya watakaosafiri: umri wa kila mmoja, na uwezo wake wa kuogelea bila kugusa chini.
- Miezi miwili au mitatu unayoweza kusafiri. Ukiwa na wiki moja tu isiyobadilika, ruka moja kwa moja hatua ya 3 uone kama inakufaa, kisha urudi.
- Pasipoti yenye uhai wa miezi 6 au zaidi kuanzia siku ya kuingia Misri.
- Daftari lenye jedwali la safu tano: jina la hoteli, njia ya kuingilia majini, umbali hadi ukingo wa mwamba, kinga ya upepo, na majibu ya hoteli.

Neno moja tulielewe kwanza. Tukisema *mwamba wa hoteli* tunamaanisha matumbawe unayoyafikia kwa kuogelea kutoka ufukwe wa hoteli yenyewe, bila boti. Hicho ndicho unachokitafuta.

## Hatua ya 1: Amua njia ya kuingilia majini

Pwani ya Bahari ya Shamu upande wa Misri ina miamba inayokumbatia nchi kavu. Kutoka ufukweni unakuta kwanza uwanda wa mwamba: matumbawe na mawe yaliyofunikwa na maji ya magotini au kiunoni. Uwanda huo unaweza kuwa na upana wa mita 30, unaweza kuzidi 200. Mwisho wake ni ukingo, na baada ya ukingo mwamba unashuka chini kama ukuta. Samaki wengi wako pale ukingoni.

Hapo ndipo hoteli zinapotofautiana, na ziko za aina tatu.

Ghuba ya mchanga. Mahali ambapo bonde la zamani liliingia baharini, mwamba umekatika na kuacha mlango wa mchanga. Unaingia kwa miguu taratibu, matumbawe yakiwa kushoto na kulia kwako. Wamisri huziita ghuba hizi *marsa*. Ndizo zinazofaa watoto, wazee, na yeyote anayevaa miwani kwa mara ya kwanza.

Gati. Daraja la mbao au la kuelea linavuka uwanda na kuishia ukingoni, na mwishoni kuna ngazi. Unashuka moja kwa moja kwenye maji ya mita kadhaa. Kwa muogeleaji mzoefu hakuna kitu kizuri zaidi. Kwa asiyejiamini ni mtihani mgumu: hana pa kusimama, na kurudi ni kwa ngazi ileile, wakati mwingine mawimbi yakimsukuma.

Boti tu. Mbele ya hoteli kuna bwawa la bahari lililochimbwa, au mchanga mtupu. Matumbawe utayaona kwa kulipia safari ya siku.

Usichague gati kwa ajili ya mtoto ambaye hajawahi kuogelea dakika 20 mfululizo kwenye maji marefu. Jaketi la kuokolea linamweka juu ya maji, lakini halimwondolei hofu, na mtoto akiogopa siku ya kwanza huenda asirudi tena majini wiki nzima.

## Hatua ya 2: Chagua eneo

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha nyingi zaidi, kwa sababu wengi husema “Hurghada” kana kwamba ni mahali pamoja.

Hurghada mjini na El Gouna. Bei ni nafuu, ndege ni nyingi, maduka yapo. Kwa snokeli ya kutoka ufukweni ni maeneo dhaifu. Hoteli nyingi ni za aina ya boti tu, na safari nyingi huelekea visiwa vya Giftun. El Gouna, kaskazini mwa Hurghada, ni mji wa mabwawa ya bahari na michezo ya upepo.

Makadi, Soma Bay na Safaga. Kusini mwa Hurghada, ndani ya saa moja hivi kwa gari kutoka uwanja wa ndege. Hapa miamba ya hoteli inaanza kuwa ya kweli. Soma Bay inajulikana kwa gati lake refu linalovuka uwanda mpana hadi ukingoni. Kama familia yako ina wapenda snokeli na wasioipenda, hili ni eneo la maelewano.

El Quseir. Karibu kilomita 140 kusini mwa Hurghada. Hoteli ni chache, ufukwe mtulivu, matumbawe mazuri. Jioni hakuna mengi ya kufanya nje ya hoteli.

Marsa Alam. Tukiulizwa eneo moja tu kwa mtu anayesafiri kwa ajili ya kuona viumbe vya baharini, jibu letu ni hili. Uwanja wa ndege uko karibu na Port Ghalib, kilomita 60 na zaidi kaskazini mwa mji wenyewe, na hoteli zimetawanyika katika pwani ndefu. Abu Dabbab ina mlango mpana wa mchanga na uwanda wa nyasi za bahari ambako kasa huja kula. Nguva pia huonekana humo, ingawa ni kwa bahati. Marsa Mubarak ina sifa kama hiyo. Sha'ab Samadai, mwamba wenye umbo la kiatu cha farasi ambako pomboo hupumzika, hufikiwa kwa boti na umegawanywa sehemu ambazo waogeleaji wanaruhusiwa na ambazo hawaruhusiwi.

Sharm el Sheikh. Mji mmoja, bahari tofauti kabisa. Ras Um Sid na Hadaba: hoteli ziko juu ya jabali, unashuka ngazi nyingi, kisha mwamba unaanza karibu na ufukwe na kushuka ghafla. Nabq: uwanda mpana, magati marefu, upepo mwingi. Naama: ufukwe wa mchanga na mji wenye pilikapilika. Faida kubwa ya Sharm ni kuwa karibu na hifadhi ya Ras Mohammed, iliyotangazwa mwaka 1983, na miamba ya mlango bahari wa Tiran. *Ras* ni rasi yetu hiihii, na ukilitazama jina hilo kwenye ramani utajua mara moja kuwa ni ncha ya nchi iliyochomoza baharini, mahali pa mikondo na samaki wengi.

Dahab. Mji mdogo, mwendo wa saa moja na zaidi kaskazini mwa Sharm. Mwamba uko mbele ya mji, unaingia popote palipowekwa njia, kwa hiyo hoteli yako haihitaji mwamba wake. Chumba cha kawaida kinatosha. Ila Dahab ni mji wa upepo, na wanamichezo wa matanga huupenda kwa sababu hiyohiyo.

Umemaliza hatua hii ukiwa na maeneo yasiyozidi mawili. Ukibaki na manne, hujaijibu hatua ya 1 kwa ukweli.

## Hatua ya 3: Pima mwezi na upepo

Aliyezoea Nungwi, Watamu au Diani huuliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Kwetu ni swali la lazima, maana wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Kaskazini mwa Bahari ya Shamu tofauti ya kujaa na kupwa haifiki mita 1. Jedwali la maji halitakusaidia sana huko. Kinachotawala ni upepo.

Upepo huo hutoka kaskazini na kaskazini-magharibi karibu mwaka mzima, na mara nyingi huongezeka kuanzia saa nne au saa tano asubuhi. Kwa kadiri, chini ya noti 10 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo; 10 ni takriban kilomita 18 kwa saa) bahari ni tulivu. Noti 10 hadi 15, ghuba zenye kinga bado zinafaa. Ukikaribia noti 20, tegemea bendera nyeusi kwenye magati yaliyo wazi, na bendera nyeusi maana yake hakuna kuingia.

Joto la maji: Februari ni takriban nyuzi 21 hadi 22 Hurghada, na Marsa Alam huzidi kidogo. Agosti hufika 28 hadi 29. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ataliona la Februari kuwa baridi kweli. Baada ya dakika 25 meno yanagongana. Ukisafiri Desemba hadi Machi, weka kwenye bajeti suti ya mpira ya milimita 5. Aprili, Mei na Novemba, ya milimita 3 inatosha.

Miezi yenye uwiano mzuri ni Aprili hadi Juni mwanzoni, na Septemba hadi Novemba. Julai na Agosti maji ni matamu, lakini nchi kavu joto hufika nyuzi 40. Desemba kuna tatizo jingine ambalo wengi hawalifikirii: jua linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na magati hufungwa kabla ya hapo. Siku yako ya bahari inakuwa fupi.

## Hatua ya 4: Soma ufukwe kwa setilaiti

Usiikimbie hatua hii. Dakika 15 kwa kila hoteli zinakupa ukweli ambao picha za matangazo haziwezi kuuficha.

1. Tafuta hoteli kwenye ramani, kisha usogeze picha hadi ufukwe ujaze kioo.

2. Soma rangi. Samawati nyepesi, laini, isiyo na madoa ni mchanga. Hudhurungi au kijani chenye mabaka ni uwanda wa mwamba. Mstari ambapo rangi inageuka ghafla kuwa buluu nzito ndio ukingo. Samawati nyepesi yenye kingo zilizonyooka kama bwawa ni bwawa kweli: limechimbwa, na humo matumbawe hakuna.

3. Tafuta gati. Ni mstari mwembamba unaotoka ufukweni. Angalia unapoishia. Ukiishia ndani ya buluu nzito, vizuri. Ukiishia katikati ya hudhurungi, gati halifiki ukingoni, nawe utalazimika kuogelea juu ya matumbawe yenye maji ya sentimita chache. Hapo ndipo magoti na matumbo hukwaruzwa, na matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi huvunjika kwa teke moja.

4. Pima. Kutoka ufukweni hadi ukingoni, kisha kutoka chumbani hadi mwanzo wa gati. Mita 600 za kutembea ukiwa na mapezi ya kuvaa miguuni na watoto wawili, mara nne kwa siku, si jambo dogo.

5. Tafuta kinga. Kwa kuwa upepo hutoka kaskazini, unataka rasi au kona ya mwamba iliyoko kaskazini mwa gati. Ghuba inayotazama kusini au kusini-mashariki ni hazina. Ufukwe ulionyooka bila kona yoyote utapokea kila wimbi.

6. Tafuta povu jeupe ukingoni na boti zilizotia nanga. Povu kwenye picha za tarehe tofauti ni dalili ya ufukwe mkali. Boti nyingi zilizotulia ndani ya ghuba zinaonyesha manahodha wameshaamua pale pana utulivu, na wao hawakosei mara nyingi.

7. Fungua picha za miaka ya nyuma. Gati lililokuwepo miaka mitatu iliyopita na sasa halipo ni swali la kuipelekea hoteli. Ujenzi mpya jirani ni swali pia, kwa sababu vumbi na mchanga wake hushukia kwenye matumbawe na kutibua maji.

Ukiweza kuchora kwenye karatasi njia yako kutoka kitandani hadi kwenye samaki wa kwanza, na kuandika mita za kila kipande, hoteli hiyo umeielewa.

## Hatua ya 5: Soma maoni ya wageni kwa akili

Wastani wa alama hausaidii. Mgeni aliyetoa alama 10 kwa ajili ya keki na burudani hajui lolote kuhusu mwamba.

Tafuta ndani ya maoni maneno “house reef” (mwamba wa hoteli), “jetty” (gati) na “black flag” (bendera nyeusi). Kisha tafuta kwa Kijerumani: “Hausriff” na “Steg”. Wajerumani ni wageni wengi wa pwani hii, na huandika kwa undani kina, mkondo, hali ya ngazi, hata aina za samaki. Tafsiri ya simu inatosha.

Soma tu maoni ya mwezi wako, ya miaka miwili iliyopita. Mtu aliyesifu bahari tulivu ya Oktoba hakuelezi Januari. Na jihadhari na picha: nyingi hupigwa kwenye safari za boti, kilomita 20 kutoka hotelini.

Andika hoteli kwenye jedwali tu ikiwa wageni watatu tofauti wametaja kuona samaki wengi *kutoka ufukweni*.

## Hatua ya 6: Iulize hoteli maswali haya

Tuma kwa Kiingereza au Kiarabu, na ukiweza, yatume pia kwa kituo cha kuzamia kilichoko ufukweni hapo. Watu wa kituo huingia majini kila siku. Karani wa mapokezi huenda hajawahi.

1. Je, mwamba unafikika kwa kuogelea kutoka ufukweni, na mgeni anaingilia wapi?
2. Mwisho wa gati maji yana kina gani?
3. Gati hufunguliwa na kufungwa saa ngapi mwezi wa safari yangu?
4. Mwezi huo mwaka jana, takriban siku ngapi lilifungwa kwa upepo? Likifungwa, kuna mlango mwingine?
5. Je, kuna mwokoaji gatini muda wote likiwa wazi?
6. Ufukwe ni wa hoteli yenyewe au wageni hupelekwa kwa basi?
7. Kuna ujenzi au matengenezo ya gati yaliyopangwa?

Swali la sita limewaokoa wengi. Hoteli za mstari wa pili huandika “ufukwe binafsi” huku ufukwe wenyewe ukiwa dakika 10 kwa basi linalopita kila saa.

Jibu zuri lina namba: mita, saa, siku. Jibu la “bahari yetu ni nzuri sana, karibuni” lihesabu kama hakuna jibu, na baada ya kuuliza mara ya pili ifute hoteli hiyo.

## Hatua ya 7: Lipia na uandae nyaraka

Chukua bei inayoruhusu kufuta bila hasara hadi siku chache kabla ya safari, hata ikizidi kidogo. Mpango wa kila kitu ndani ya bei una maana Marsa Alam na El Quseir, ambako nje ya hoteli hakuna pengine pa kula karibu. Dahab haina haja nao.

EgyptAir huunganisha Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe na Cairo. Kutoka hapo unabadilisha ndege kwenda Hurghada au Sharm kwa takriban saa moja. Za Marsa Alam ni chache, basi angalia ratiba yake kabla ya kulipia chumba. Wanaoishi Ulaya hupata ndege za moja kwa moja hadi viwanja hivyo.

Viza: masharti hutofautiana kwa pasipoti. Kuna kibali cha Sinai pekee (rasi yenye Sharm na Dahab) kinachotolewa bure kwa raia wa baadhi ya nchi wanaotua Sharm, lakini usidhani kuwa kinakuhusu kwa sababu jirani yako alikipata kwa pasipoti ya Uingereza. Pata jibu la ubalozi wa Misri kwa maandishi. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hudaiwa kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya na Uganda zikiwamo.

Nunua nyumbani mrija wa kupumulia na miwani inayofunika pua. Ijaribu bila mkanda: iweke usoni, vuta pumzi kwa pua, uiachie. Ikishika sekunde 10, inakufaa. Mapezi unaweza kukodi. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea ni lazima, kwa sababu mgongo ndio unaoungua, na maji baridi hukuzuia usihisi hadi usiku.

## Hatua ya 8: Asubuhi ya kwanza

Nenda gatini mapema, kabla upepo haujaamka. Muulize mwokoaji mkondo unaelekea wapi leo, kisha anza kwa kuogelea *dhidi* yake ili urudi nao ukiwa umechoka. Maji ya huko yana chumvi nyingi kuliko ya Bahari ya Hindi, takriban gramu 40 kwa lita dhidi ya 35, kwa hiyo utaelea kirahisi zaidi. Usiongeze uzito wowote.

Usiguse wala kukanyaga kitu. Tumbawe-moto huunguza, samaki jiwe hufanana na jiwe kweli, na miiba ya urchini hukatikia ndani ya ngozi. Samaki aitwaye kikande mkubwa anapolinda kiota chake huuma: kwepa kwa kwenda pembeni, usipande juu, maana eneo analolinda hupanuka kuelekea juu ya maji. Usiwalishe samaki, wala usichukue matumbawe au makombe. Uwanja wa ndege hukagua na faini ipo.

Mashambulizi ya papa ni nadra, lakini yametokea: Julai 2022 watu wawili waliuawa karibu na Sahl Hasheesh, na Juni 2023 mmoja Hurghada. Mamlaka zikifunga ufukwe, tii. Usivuke maboya, usiogelee machweo, na usiingie peke yako.

Dalili za hoteli sahihi ni hizi: ndani ya dakika 10 majini unaona samaki kama pono wakitafuna mwamba, makundi ya kangaja, pengine taa mwenye madoa ya buluu amelala mchangani, na mwenzako dhaifu kuliko wote anarudi gatini akiomba kuingia tena.

Usipoyaona hayo, zungumza na mapokezi siku hiyohiyo, siyo ya nne. Hoteli nyingi huko zina hoteli dada za kampuni moja pwani ileile, na kuhamishwa, au kuruhusiwa kutumia gati la jirani, huwezekana zaidi mwanzoni mwa wiki kabla vyumba havijajaa. Ikishindikana, hesabu siku zilizobaki, weka siku mbili au tatu za boti, na chagua boti inayobeba watu wachache, yenye kiongozi anayeingia majini pamoja na wageni.